Shajara ya mradi: mkusanyo wa hadithi za ajabu na mashairi ya waandishi wapya, Mtwara na Lindi

9 Machi 2024: tangazo la kwanza

Naandika hii ili mtu wa Songea au Tanga au popote akitaka kufanya kama sisi asianzie gizani. Tupo watano hapa Mtwara mjini, tunasoma na tunaandika, na tumechoka kusikia kwamba kusini hakuna waandishi wakati kila mmoja wetu anamjua mtu mwenye daftari limejaa na liko chini ya godoro. Lengo ni kitabu kimoja chembamba: hadithi fupi za ajabu, za wakati ujao, za viumbe, za dunia iliyogeuka, pamoja na mashairi ya namna hiyohiyo, kwa watu ambao hawajawahi kuchapwa popote, kutoka hii mikoa yetu miwili. Na kila atakayeingia alipwe. Hata kidogo lakini alipwe, hilo tulikubaliana kabla ya kitu kingine chochote.

Tangazo limetoka leo, kwenye magrupu ya WhatsApp na karatasi chache tumebandika stendi na kwenye steshenari. Tumeandika tunapokea "bunilizi ya kisayansi na mashairi", mwisho maneno 3,000. Gharama mpaka sasa: fotokopi na bando, 11,000.

30 Machi 2024: yaliyoingia, na kwa nini tumeanza upya

Vimeingia vingi kuliko tulivyotarajia, na karibu vyote havifai. Sio kwamba hawa watu hawajui kuandika, sentensi zao nyingine ni nzuri mno, ila hadithi baada ya hadithi shujaa anaitwa John, anaishi New York, ana maabara, anatengeneza roketi, dunia inataka kulipuka, anaiokoa. Mwandishi yuko Tandahimba, hajaweka hata mkorosho mmoja. Wengine wametuma hadithi za mapenzi za kawaida kabisa na kuongeza roboti mwishoni. Wachache wametuma insha za shule kuhusu umuhimu wa sayansi.

Tumekaa baada ya tarawehe mara kadhaa tukisoma moja moja mpaka tukaona tatizo lilipo. Tangazo lilikuwa linaomba kitu ambacho watu wamekiona kwenye filamu tu, kwa hiyo wakaturudishia filamu. Mwalimu mmoja mstaafu tuliyemuomba atusaidie kusoma alisema bora tuache, mambo haya si ya fasihi yetu. Hilo tulimkatalia kwa heshima zote, maana Shaaban Robert alishaweka nchi nzima ikielea angani kwenye Kusadikika mwaka 1951, na kabla yake bibi zetu walikuwa na sungura anayehukumu simba. Ajabu tunayo siku zote. Kilichokosekana ni mlango wa kuingilia.

Kwa hiyo tangazo la pili halitaji aina ya uandishi kabisa, lina maswali matatu tu, mtu achague moja:

Bahari ya Mikindani ikipwa siku moja isirudi, nani atakuwa wa kwanza kujua, na atafanya nini?

Mkorosho wenu ukianza kuwakumbuka wote waliowahi kuokota chini yake, utamtaja nani?

Mtaani kwenu mwaka 2124: kimebaki nini na kimekuja nini?

Urefu tumeshusha, maneno 2,000, maana hela ya karatasi tunaiona kabisa haitatosha. Anayekopi mradi huu achukue hili kwanza: uliza swali lenye mahali ndani yake.

18 Mei 2024: kimbunga, barabara, intaneti

Tangazo la pili limefanya kazi. Ila mwezi huu wenyewe umetupiga sana.

Kimbunga Hidaya kilipopita mwanzoni mwa Mei barabara ya Dar ikakatika upande wa Kilwa, madaraja na makalavati yakasombwa, mabasi yakakwama kule Somanga, na karatasi ngumu za jalada tulizoagiza Dar zikawa ndani ya mzigo mmojawapo. Zilifika baadaye zimelowa pembeni, zimevimba. 30,000 imepotea hapo. Kwa waliopoteza nyumba na mashamba hiyo 30,000 sio kitu cha kutaja, naiweka kwa sababu ni shajara ya gharama.

Alafu tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikapata hitilafu na intaneti ikaondoka karibu nchi nzima, na ilivyorudi ilikuwa ya kusuasua. Sisi kila kitu tulikuwa tunapokea kwa simu, maana waandishi wetu karibu wote wanaandika kwenye simu, na wengine hadithi ilikuwa ndani ya meseji tu, hawana nakala nyingine. Dada mmoja wa Newala alikuwa anatuma hadithi yake kipande kipande, vipande vya katikati havikufika, na alikuwa ameshavifuta ili simu ipate nafasi.

Tulichofanya: tukarudi kwenye karatasi. Tukatangaza kwa meseji za kawaida kwamba mtu aandike kwenye daftari, atie kwenye bahasha, ampe kondakta wa gari la Mtwara, sisi tunapokea stendi na kulipa huku. Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi, zote zimekuja hivyo. Bahasha moja shilingi 1,000 mpaka 2,000. Imekuwa nafuu kuliko bando na, cha kushangaza, kazi za daftarini ni bora. Mtu akiandika kwa mkono akakata, unaona alikata nini, na mara nyingine alichokata ndo kilikuwa kizuri zaidi. Yule dada wa Newala aliandika upya zile sehemu zilizopotea na akabadilisha mwisho wote. Hadithi yake inahusu miaka mia ijayo, huko juu kwenye tambarare ya Makonde ambako maji yamekuwa shida tangu enzi, na watu sasa wanakamua ukungu wa asubuhi kwa neti na kuuza kwa hisa. Kuna mnada wa ukungu na stakabadhi ghalani kabisa kama korosho (unaacha mali ghalani, unapewa risiti, unalipwa ikishauzwa), na chama cha msingi cha ushirika kinacheleweshea watu malipo. Mwisho wa kwanza tajiri anakamatwa. Mwisho mpya ukungu wenyewe unagoma kushuka. Tumeuchukua huo wa pili bila mjadala.

Ushauri mdogo: kama mtu anachapa kwenye simu mwambieni azime ile sehemu inayosahihisha maneno yenyewe. Tumetumia muda mwingi kurudisha Kiswahili kilichogeuzwa Kiingereza katikati ya sentensi.

29 Juni 2024: kuhariri hadithi

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na ndo sehemu ambayo nikisoma shajara za wengine siioni. Watu wanaandika "tulihariri" wanapita. Sisi kuhariri kumekula muda kuliko mambo mengine yote yakijumlishwa.

Hadithi tulizobaki nazo zote zilikuwa na mahali na watu, hilo swali la tangazo limesaidia. Shida mpya ikawa ajabu isiyo na mpaka. Kitu kikishakuwa cha ajabu mwandishi anakiruhusu kifanye chochote, na kikishaweza chochote msomaji anaacha kuogopa na anaacha kujali. Tukaanza kumuuliza kila mwandishi maswali hayohayo, tena kwa sauti, ana kwa ana au kwa simu: hicho kitu chako hakiwezi nini? Kwa nini kimetokea leo na sio mwaka jana? Nani analipia?

Nitoe mfano mmoja kwa urefu maana ndo uliotufundisha wote.

Kijana wa Lindi ameandika kuhusu Tendaguru. Wa huku wanajua, wa mbali niwaambie: ni kilima huko ndani Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa yenye umri wa miaka kama milioni 150, na watu wetu ndo waliochimba, msimamizi wao mkuu akiwa Boheti bin Amrani, na watu wetu ndo walioibeba kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi ipakiwe meli. Mnyama mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na bado yuko hukohuko.

Drafti ya kwanza, mifupa inaamka usiku Berlin, inavunja paa, inaruka angani, inatua Lindi, watu wanashangilia. Kurasa nne. Ilikuwa na nguvu, huwezi kukataa, lakini ukimaliza hubaki na kitu. Tukamuuliza, hakiwezi nini? Akasema kinaweza vyote, ni mzimu. Kwa nini hakikuamka 1913? Akanyamaza. Nani analipia? Akasema ngoja nikafikirie.

Akakaa kimya, sisi tukadhani ameudhika. Siku alivyorudi alikuja na kanuni moja: kila mfupa unaweza kutembea hatua zilezile ulizobebwa, hauzidishi hata moja. Mfupa uliobebwa kutoka Tendaguru mpaka bandarini una hatua hizo tu, kama kilomita 60 hivi, na ukizimaliza unakuwa jiwe tena.

Chumba kizima tulikaa kimya. Maana hapohapo hadithi ilijiandika: mnyama ameamka Berlin, ana kilomita zake 60, na bahari haimo, bahari alipita ndani ya meli, hakubebwa na mtu. Hawezi kurudi mwenyewe. Anaweza kutembea mpaka nje ya mji, akaishiwa, akasimama shambani kwa watu. Akitaka kufika Lindi lazima abebwe tena. Na huku Lindi binti anayeuza samaki pale ufukweni anaanza kusikia mzigo wa babu yake mzaa babu ukigonga, kwa sababu mfupa namba ulipewa, ila aliyeubeba hakuna aliyemwandika, na mfupa unataka kumlipa mtu jina lake.

Sasa ni kurasa saba na ndo hadithi inayofungua kitabu. Hatukumwandikia hata sentensi moja. Tulimuuliza tu, tukasubiri.

Hadithi nyingine zimepita haraka zaidi. Mmoja wa Kilwa kaandika kuhusu silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na huku kwetu akaonekana kwenye nyavu za wavuvi wa Kilwa mwaka 2003. Kwenye hadithi samaki anajua kila kitu kilichozama, ila anajibu swali moja tu kwa kila mvuvi, na wavuvi wanagombana waulize nini. Kanuni ilikuwemo tangu mwanzo, tulirekebisha koma.

Kilichotushinda ni majini. Tulipokea hadithi nyingi za majini na tukabishana sana kama ziingie, maana kwa wasomaji wetu wengi jini sio kitu cha kubuni, ni jambo la dini na la nyumbani, na mama mmoja alituambia waziwazi, wanangu, hayo msiyaweke kwenye michezo. Tumemheshimu kwa kiasi hiki: hadithi ambayo jini yumo ili kutisha tu tumeiacha. Imeingia moja ambamo jini anadai urithi wa nyumba ya Mikindani mahakamani na anashindwa kwa kukosa hati.

27 Julai 2024: mashairi

Wakati mbaya wa kutafuta waandishi, ni msimu wa kupuliza salfa, nusu ya watu wako mashambani kwenye mikorosho na simu zimezimwa. Tumefanya kazi kwa meseji za sauti zinazoingia usiku.

Mashairi yamegawanyika pande mbili na sisi wahariri tukagawanyika nayo. Wapo wa arudhi, vina na mizani, wapo wa mashairi huru. Ule ugomvi wa miaka ya 1970, kama lisilo na vina na mizani ni shairi au sio, bado upo hai kwenye meza yoyote yenye watu watano wanaopenda ushairi, na chai ilipoa mara nyingi. Tumeamua kuchukua yote, kwa sharti moja: anayechagua arudhi aishike mpaka mwisho, anayeiacha atuonyeshe kila mstari kwa nini umekatwa pale ulipokatwa.

Kijana wa Mikindani, baba yake mvuvi, alijibu swali la bahari kwa tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti. Mwezi ndo unaovuta maji, bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo) yote huku pwani watu wanayapangia kwa mwezi, sasa ye kauliza mwezi ukivuta usiachie? Ubeti wake wa kwanza ulikuja hivi:

Bahari imeondoka, pwani imebaki wazi
Samaki wamekauka, miamba bila mavazi
Mtumbwi wetu wapinduka, nahodha hana ujuzi
Mwezini maji yafika, huko twapigaje mbizi?

Mzuri. Lakini ukiusoma kwa sauti huku unagonga meza, mstari wa tatu unamwagika. Ye alisisitiza kipande chake cha kwanza ni mizani nane, yaani silabi nane, kahesabu kwa vidole. Tukahesabu pamoja kwenye simu: m-tu-mbwi-we-tu-wa-pi-ndu-ka, tisa. Alikuwa anaihesabu "mtu" ya mtumbwi kama moja, na hiyo m ya mwanzo inasimama peke yake, inadai mizani yake. Akajaribu kutoa "wetu" peke yake, ikabaki "mtumbwi wapinduka", saba, imepungua. Mwisho akapata "mtumbwi umepinduka", nane kamili, na imekuwa bora kwa maana pia, kwa sababu jambo limeshatokea kama mistari miwili ya juu yake. Beti nyingine zilikuwa na tatizo lilelile, mtu na mti na mto, akazirekebisha mwenyewe usiku huo na kutuma saa nane.

Upande wa mashairi huru kuna binti wa Mtwara vijijini kaandika kuhusu bomba la gesi. Kwao ni jirani na kiwanda cha Madimba, gesi inakotoka kwenda Dar tangu 2015. Shairi lake lilikuwa na mistari hii:

Bibi analala juu ya moto
na bado
anatafuta kuni.

Na chini yake akaweka mistari mingine sita ya kueleza rasilimali ni za nani na viongozi wafanye nini. Tukamshauri aiondoe. Akakataa, akasema hiyo ndo sababu aliandika. Hatukumlazimisha, tukamwomba awasomee watu wa nyumbani kwao matoleo yote mawili, na sisi tutachapa atakalochagua. Aliposoma refu wakamwambia umesema kweli. Aliposoma fupi bibi yake akacheka alafu akauliza, ni mimi huyo? Limeingia fupi.

7 Septemba 2024: mpangilio na sampuli

Sehemu ya mitambo, nitaandika zile zilizotusumbua tu.

Ukubwa ni A5, yaani A4 iliyokunjwa katikati na kupigwa pini kwenye mkunjo. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, sisi tumefika 64, karatasi 16. Ukiprinti kwa mpangilio wa kijitabu, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi jumla yake lazima iwe 65: 64 na 1, 2 na 63, 62 na 3, mpaka 32 na 33. Sampuli ya kwanza ilitoka steshenari kurasa zimevurugika kwa sababu mashine ilipanga yenyewe juu ya faili ambalo tulishalipanga. Chagua moja, ama faili lipangwe ama mashine ipange.

Karatasi 16 zikikunjwa pamoja, za katikati zinatokeza nje kama milimita moja na nusu hivi. Ukikata ukingo ili ulingane, kurasa za katikati zinapoteza nafasi upande wa nje, na namba za kurasa tulizokuwa tumeweka pembeni zikabaki kwenye ukingo kabisa. Tumezihamishia chini katikati na kuongeza nafasi ya nje kwa kitabu chote.

Jalada: karatasi nzito ukiikunja tu inapasuka rangi kwenye mkunjo, inatoka mstari mweupe mbaya. Dawa yake ni kuchora mkunjo kwanza kwa rula na kalamu iliyoisha wino, unabonyeza sawasawa, ndo unakunja.

Bei. Kiwanda cha Dar walitaka tuanzie nakala 500, hatuna uwezo. Steshenari hapa ni 100 kwa upande, nakala moja 3,200 kabla ya jalada. Tulikuwa karibu kukata tamaa mpaka mmoja wetu akakumbuka mashine ya riso, ile shule zinachapia mitihani. Riso inatengeneza masta (stensili ya kuchapia) moja kwa kila upande alafu nakala zinatoka kwa bei ndogo sana, na shule moja hapa mjini imekubali tulipie masta, wino na muda wa mwendeshaji wakati wanafunzi hawana mtihani.

5 Oktoba 2024: kuchapa

Wino wa riso haukauki haraka. Tulichapa upande wa kwanza, tukageuza palepale, na kundi zima likatoka na madoa, maandishi ya ukurasa mmoja yamejipiga mgongoni mwa mwingine. Iliyofanya kazi ni kuacha karatasi zikae usiku kucha, zimetawanywa, sio rundo moja, alafu kesho yake ndo upande wa pili. Shida nyingine ni unyevu wa pwani: rimu ukiifungua ikakaa wazi, karatasi zinavuta unyevu, zinashikana, mashine inameza mbili mbili. Fungua rimu unayotumia wakati huo tu.

Gharama kwa nakala 150, kama zilivyo: karatasi rimu tano 70,000. Masta 32 kwa 1,500, 48,000. Kuchapa pande zote, 96,000. Majalada ya rangi 105,000. Kukata ukingo 22,500. Stepla ya mkono mrefu, ambayo inabaki yetu, 35,000. Jumla ya uchapaji 376,500, nakala moja inasimama 2,510. Waandishi 17 kwa 20,000 kila mmoja, 340,000. Bahasha, nauli, vocha, chai na yale matangazo, 96,000. Ongeza 30,000 ya karatasi zilizolowa. Zote 842,500, zimetoka kwenye michango yetu watano na kikoba.

Kila mwandishi amepata nakala tatu, tisa zimeenda maktaba na shule. Zinabaki 90 za kuuza kwa 5,000, yaani 450,000 zikiisha zote. Hela hairudi. Anayekopi apige hesabu hiyo mapema, na asiitatue kwa kuacha kuwalipa waandishi. Apunguze rangi ya jalada kwanza.

23 Novemba 2024: kuuza

Uzinduzi tuliusogeza kwa makusudi mpaka minada ya korosho ianze, na mwaka huu bei imepanda kuliko msimu uliopita, watu wakishalipwa wananunua. Mjini zimeuzika polepole. Newala zilizopelekwa zimeisha zote, yule dada alisimama karibu na ghala siku za malipo akawa anawasomea watu mwanzo wa hadithi ya ukungu, anakatia pale chama kinapochelewesha malipo, anayetaka kujua zaidi anunue. Wazee wamenunua. Mmoja alimwambia, mwanangu, hii haijatokea lakini naijua.

Lindi wamependa mifupa. Kuna mwalimu ameomba kuisoma darasani na tumempa ruhusa ya mwandishi kwa maandishi.

Malalamiko tuliyopokea: maandishi madogo kwa wenye umri, na hilo ni kweli, tulibana ili tusizidi kurasa 64. Wengine wameuliza mbona hakuna shairi hata moja la Kimakonde au Kimwera.

11 Januari 2025: toleo la pili

Zimebaki nakala chache na hatuchapi tena hilo la kwanza, tumelitoa PDF bure kwa makubaliano na waandishi wote 17.

Toleo la pili: kurasa 72 ili maandishi yapande mpaka pointi 12, jalada rangi moja tu, malipo ya mwandishi 25,000. Tunapokea na mashairi ya Kimakonde, Kimwera na Kiyao, mwandishi mwenyewe akiweka Kiswahili chake ukurasa wa pili, na tumeshapata wazee wawili wa kutusomea maana sisi watano hatuzimudu zote. Kuhariri kumetengewa miezi mitatu badala ya miwili, Aprili mpaka Juni, kabla watu hawajaingia kwenye salfa. Mwisho wa kupokea ni 31 Machi 2025, kwa simu au kwa bahasha ya kondakta. Maswali ya safari hii:

Reli ya Mtwara hadi Nachingwea iling'olewa miaka ya sitini. Leo usiku umesikia honi ya treni. Nani anashuka?

Kinyago umekichonga mwenyewe, na kinajua kitu kuhusu wewe ambacho hukukichonga. Ni nini?

Ruvuma imehama. Asubuhi mko nchi nyingine. Kipi hakijabadilika?